Kompyuta ya ofisi imeungulia nyumbani kwangu, wananikata mshahara. Sheria inasemaje?

Mama Ilham wa Kihonda

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo langu lina vipande vingi na kila nikieleza kimoja watu hunijibu hicho peke yake.

Nina mwaka wa sita kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam, kitengo cha huduma kwa wateja. Tunapokea simu na jumbe za wenye madai, tunafungua faili kwenye mfumo, tunafuatilia hadi mtu alipwe. Mwaka juzi kampuni ilirudisha kwa mwenye jengo vyumba tulivyokuwa tunakaa, sisi tukaambiwa kila mtu afanyie kazi kwake. Hakuna karatasi iliyobadilishwa. Mkataba wangu hadi leo unasema kituo cha kazi ni Dar es Salaam, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni na saa moja ya chakula, Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu Jumamosi saa 2 hadi saa 7 mchana.

Kilichobadilika upesi ni mshahara. Posho ya nauli, 90,000, iliondoka mwezi uleule. Wakasema sipandi tena daladala, na mimi sikubisha, niliona ni haki. Nikahama Tabata nikaja Kihonda hapa Morogoro, kodi ni nafuu na mama yangu anaumwa, namwangalia mwenyewe. Mwisho wa mwezi kuna kikao Dar, napanda treni ya SGR, 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, mfukoni mwangu. Bando la kazi langu. Luku yangu. Nimebaki na msingi 640,000 na posho ya nyumba 100,000.

Sasa kompyuta. Nilipewa ya ofisi, ilishatumiwa na mwenzangu aliyeondoka, herufi A na E zimefutika kabisa kwenye vitufe. Umeme wa mtaani kwetu unakatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo mwezi wa pili tangu nihamie niliandika baruapepe kuomba stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme usipande ghafla. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: "Kwa sasa hakuna bajeti, endelea kuwa mwangalifu." Nikawa mwangalifu. Kila nikiona mawingu nachomoa waya.

Siku yenyewe haikuwa na mawingu. Ilikuwa saa 10 jioni, nipo na mteja kwenye simu, mama mmoja wa Singida analia kwa ajili ya madai ya mumewe. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili taa ya sebuleni ilimulika nyeupe kama ya fundi wa kuchomelea, feni ikavuma, halafu nikasikia harufu ya plastiki. Adapta ilikuwa ya moto siwezi kuishika. Niliitoa kwa kutumia kanga. Kompyuta haikuwaka tena. Taa yangu iliungua, na jirani ukuta kwa ukuta friji lake halijapona hadi leo.

Nilitoa taarifa jioni ileile. Wiki mbili kimya. Tarehe 28 mwezi uliopita mshahara umeingia pungufu kwa 290,000. Nikapiga simu kwa afisa utumishi, akanieleza kwa mdomo kwamba kompyuta ni 1,450,000 na nitakatwa miezi mitano. Barua sijapewa. Maelezo ya fundi kuhusu kompyuta yenyewe sijaletewa. Ada ya shule ya Ilham ilikuwa humo humo kwenye 290,000.

Kipande kingine ni usiku. Tangu tuondoke ofisini bosi ameanzisha ripoti ya saa 3 usiku. Jumatatu hadi Ijumaa, lazima uwe mtandaoni, unapitia madai ya siku pamoja naye mpaka saa 4 na nusu. Nikiuliza ovataimu naambiwa "wewe ni kiongozi wa zamu, viongozi hawana ovataimu". Uongozi wenyewe ni kuwapangia wenzangu wanne mapumziko ya chakula. Namripoti msimamizi wa kitengo, naye ana meneja juu yake, na meneja ndiye anayemfikia mkurugenzi.

La mwisho linaniuma kuliko pesa. Tunatakiwa kuacha kamera wazi tangu saa 2 hadi saa 11. Nyumba yangu ni chumba na sebule. Siku moja mama alipita nyuma yangu anatoka kuoga, amejifunga kanga moja. Bosi aliipiga picha skrini akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kitengo, watu ishirini na zaidi, ameandika "tuzingatie mazingira ya kazi". Mama hajui. Sijaweza kumwambia.

Naomba mwenye kujua anisaidie: wana haki ya kunikata? Saa za usiku zinalipwa? Na hii nyumba yangu, kuanzia saa 2 asubuhi ni ya nani?

---

Mzee wa Tawi

Mwanangu, pole sana, na umpe pole mama. Mimi nimestaafu. Nilikuwa mwenyekiti wa tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kiwandani miaka 11, nimesindikiza watu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, hadi walinzi wa pale wakanizoea. Nakujibu kwa utaratibu ninaoujua.

Kwanza ondoa hofu moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuwekwa kwa ajili ya majengo. Inamfuata mwajiriwa. Anayefanya kazi akiwa kiwandani na anayefanya akiwa sebuleni wana saa zilezile, likizo ileile ya siku 28, ulinzi uleule wa mshahara. Hakuna mahali imeandikwa kwamba ukifanyia kazi nyumbani unageuka kibarua wa hiari.

Sasa makato. Mwajiri haruhusiwi kugusa mshahara wako kufidia hasara mpaka mambo kadhaa yatimie yote kwa pamoja, siyo moja moja. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na iwe imetokana na kosa lako. Akuandikie, narudia, akuandikie, akieleza chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya malipo yako ya fedha.

Tazama wapi wamekwama. Kosa lako liko wapi? Uliomba stebilaiza kwa maandishi, wao ndio walioandika kwamba hakuna bajeti. Ile baruapepe ya mstari mmoja ndiyo mali yako kubwa kuliko zote, ichapishe leo. Barua hawajakupa. Nafasi ya kupinga hawajakupa. Hasara halisi: kompyuta iliyofutika herufi bei yake haiwezi kuwa ya mpya iliyotoka kwenye boksi. Na robo: 640,000 jumlisha 100,000 ni 740,000, robo yake ni 185,000. Wamekata 290,000. Hata ungekuwa umeivunja kwa nyundo wasingeweza kukata hiyo kwa mwezi mmoja.

Kuna mtego hapa. Watakuletea karatasi usaini "kukubali deni", pengine kwa lugha laini ya kukusaidia kulipa polepole. Usisaini. Sema utajibu kwa barua.

Nije usiku. Saa za kawaida mwisho ni 45 kwa wiki. Wewe siku tano mara saa nane ni 40, na Jumamosi tano, zimejaa. Kila dakika ya ile ripoti ni ovataimu, na ovataimu haifanywi kwa amri, inafanywa kwa makubaliano. Hilo la "kiongozi wa zamu" nimelisikia miaka mingi na limewanyima watu wengi haki yao. Sheria inawatoa kwenye masharti ya saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri NA wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Moja kwa moja. Wewe kati yako na mkurugenzi kuna watu wawili. Jina la cheo halitoshi.

Hesabu tuifanye hapa hapa. 640,000 gawanya kwa 4.333 upate wiki, kama 147,700. Gawanya kwa 45, saa moja ni kama 3,282. Ovataimu ni mara moja na nusu, 4,923. Halafu kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5, na ikiwa ni ovataimu hiyo 5 inahesabiwa juu ya kiwango cha ovataimu. Tunapata kama 5,169 kwa saa. Wewe unafanya saa 7 na nusu kwa wiki, saa 30 kwa wiki nne. Ni zaidi ya 155,000 kila wiki nne. Nimeiandika ili ujue unachokidai, siyo kwenda kusema "wananionea" tu.

Na kuna pumziko. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena ziwe saa 12 mfululizo. Wewe unamaliza saa 4 na nusu usiku, unaanza saa 2 asubuhi: saa 9 na nusu. Wakiwa na mwanasheria mjanja atakwambia sheria inaruhusu kupunguza hadi saa 8 kwa anayeishi kwenye eneo la kazi. Nimekaa nalo hilo tangu nisome swali lako. Kwanza linataka makubaliano ya maandishi, na hamna. Pili, kwa maoni yangu, kifungu kile kinamfikiria mtu aliyepewa nyumba shambani au kiwandani. Wewe hukuhamia kazini. Kazi ndiyo iliyokuja kupanga kwako, na kodi unalipa wewe.

Kwenye bando na luku nitakuwa mkweli, huko ni pagumu. Sheria yetu haitaji bando wala umeme wa nyumbani. Hapo dawa ni kujadiliana, na chama kikiwepo ni rahisi zaidi. Lakini unayo hoja: maelezo ya ajira lazima yataje mahali pa kazi na saa za kazi, na yakibadilika mwajiri ashauriane na wewe, ayarekebishe na kukujulisha kwa maandishi. Waliifuta nauli kwa sababu mahali pa kazi pamebadilika. Basi waandike hayo mabadiliko, na kwenye meza hiyo hiyo uweke bando, luku na treni ya kikao. Na jua kwamba shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuleta maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti mnalobishania unakuwa wake.

Muda. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 60. Wa kuachishwa ni siku 30. Siku zako zinahesabiwa tangu ile tarehe 28, usingoje makato ya pili ili "uone". Kwa yale ya usiku ya miezi ya nyuma utahitaji kuomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 na ueleze sababu. Shauri lenyewe ni Fomu Na. 1, haina ada. Unasaini mwenyewe, unampelekea mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Tume ipo Morogoro na ipo Dar. Kanuni inasema ofisi ya eneo ambako mgogoro umezaliwa, na mimi naona umezaliwa Kihonda, ila wao wanaweza kubisha kwa sababu ya mkataba. Muulize afisa wa Morogoro kabla hujajaza.

Na usiache kazi kwa hasira. Kulazimishwa kuacha kazi kunatambulika kisheria lakini kuthibitisha hilo ni mlima.

---

Binti Igoma

Dada, mimi naongeza kitu kimoja kwa sababu kilinigharimu.

Nilikuwa naingiza takwimu kwa taasisi moja hapa Mwanza, nafanyia nyumbani. Maagizo yote yalikuja kwa WhatsApp, sauti na maandishi, hata ya saa 5 usiku. Nilipopunguzwa kazi nilikuwa na jumbe za miezi tisa. Halafu simu ikaanguka kwenye ndoo ya maji. Sikuwa nimehifadhi popote. Kwenye usuluhishi mwenzangu alikuja na faili lenye vitenganishi vya rangi, mimi nina mdomo. Mpatanishi alinisikiliza vizuri tu, lakini nilipoulizwa "una nini kuonyesha?" nilitazama mikono yangu. Nikakubali malipo madogo mno nikaondoka.

Kwa hiyo usiku huu huu hamisha mazungumzo ya lile kundi, pamoja na picha ya mama, uyatume kwenye baruapepe yako binafsi, siyo ya ofisi. Ya ofisi wanaifunga dakika moja. Ile baruapepe ya stebilaiza ipige picha ikionyesha tarehe na jina la aliyekujibu. Muombe jirani wa friji akuandikie mistari miwili na kusaini. Nunua daftari, kila usiku andika saa uliyoingia na saa uliyotoka. Usiijaze siku moja kwa kumbukumbu, wino wa siku moja unajulikana.

Na picha ya mama usiichukulie kuwa ni aibu ya kuficha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na ipo Tume yake inayopokea malalamiko. Mama yako si mwajiriwa wa mtu. Hakusaini mkataba wowote. Mtu aliyechukua sura yake ndani ya nyumba na kuisambaza hana pa kujificha kwenye neno "kazi".

---

Mwana wa Likoni

Dadangu, pole. Niko Mombasa, nafanya kazi ya simu za wateja vilevile, kwa hiyo hayo ya saa tatu usiku nayajua. Sheria zetu si moja, usije ukazitumia huko, lakini nakupa upate kuona kwamba huombi kitu cha ajabu.

Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata kwa mali iliyoharibika, lakini uharibifu uwe umetokana na makusudi ya mfanyakazi, na kiasi kiwe cha busara. Umeme ukirudi kwa nguvu si makusudi ya mtu. Mwaka 2022 Seneti yetu ililetewa mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na jumbe za kazi baada ya saa zake. Waajiri waliupinga kwa nguvu. Mimi nilifurahi tu kusikia jambo hilo likitamkwa bungeni, kwa kuwa mke wangu alikuwa ashanizoea kula peke yake.

La kamera, sisi tulilimaliza kwa kikao. Tulikwenda watu saba pamoja, tukasema kamera itawashwa kwenye mkutano tu, na nyuma kuwe na pazia la mfumo, ile picha ya kompyuta inayoficha chumba. Hatukupigana. Tulikwenda saba. Hao wenzako wanne wa zamu, umeshazungumza nao?

---

Mama Ilham wa Kihonda

Shikamoo Mzee wa Tawi. Asanteni wote, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu.

Nimefanya haya. Baruapepe ya stebilaiza nimeichapisha nakala tatu pale stendi, 300 kwa karatasi. Mazungumzo ya kundi nimeyahamisha. Jirani ameandika, na bila kuombwa ameongeza tarehe aliyomwita fundi wa friji na alichomlipa. Daftari nimelianza jana: niliingia saa 3:02, nikatoka saa 4:41.

Wenzangu wa zamu niliwapigia mmoja mmoja, nikaanza na yule wa Mbagala kwa sababu ndiye mwoga kuliko wote, nikajua akikubali yeye wengine watakuja. Aliniambia jambo sikulijua. Yeye alikatwa 60,000 mwezi wa nne kwa ajili ya kipaza sauti kilichokatika waya, naye hakupewa barua. Alinyamaza akidhani ni yeye peke yake. Wengine wawili wamesema watasaini barua ya kamera. Mmoja amesema ana watoto wadogo, tumwache, na sitamlaumu.

Leo asubuhi nimetuma barua kwa afisa utumishi, nakala kwa meneja. Nimeomba maelezo ya makato kwa maandishi, nimeandika 185,000 na jinsi ilivyopatikana, na nimeomba maelezo yangu ya ajira yarekebishwe yataje Kihonda. Saa 6 mchana nikapigiwa simu niende Dar Ijumaa "kuna karatasi ndogo ya kusaini". Nimesema naomba nitumiwe kwanza niisome. Akanyamaza, akakata simu.

Mama nimemwambia. Nilimwandalia uji kwanza. Aliuliza ile picha imeonwa na wangapi, nikamtajia. Alikaa muda mrefu, kisha akaniambia nihamishe meza niiweke kwenye pembe ya mlango, yeye atapitia uani. Nimemkatalia. Meza itakaa ilipo na kamera imefungwa tangu saa 2 leo, nimebandika kipande cha plasta juu yake. Bosi ameuliza mara mbili. Nimemjibu kwamba nasubiri jibu la barua.

Fomu Na. 1 ninayo, nimeipata pale ofisi ya Tume Morogoro, na afisa amesema wataipokea hapa hapa. Mzee, kwenye sehemu ya kueleza aina ya mgogoro niandike makato na ovataimu kwenye fomu moja, au nifungue mbili? Zimebaki siku 37.